Uzi: Kabla hujapeleka logi za zamani Glacier, hesabu faili zako kwanza

Fundi Baketi (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu kutoka Kilimani. Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lilelile, wote wa kampuni changa hapa Nairobi: "Logi zetu zimejaa na bili inapanda, tuzipeleke Glacier?" Logi ni kumbukumbu ambazo programu huandika za kila inachofanya; Glacier ni madaraja nafuu ya S3, hifadhi ya faili ya AWS (wingu la Amazon), kwa data isiyoguswa mara kwa mara. Nimeona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niliweke hapa, kwa sababu swali hili lilishanigharimu na sitaki limgharimu mwingine.

Jibu langu ni kwamba msihamishe chochote bado. Unganisheni faili kwanza, zibaneni, halafu ndipo mchague daraja la kuhifadhia. Ukiruka hatua hiyo, daraja la bei nafuu linaweza kukutoza zaidi ya lile la bei ghali. Nitaweka hesabu yote wazi muikague wenyewe.

Mwaka 2022 nilikuwa kwenye kampuni iliyokuwa ikipokea malipo ya simu kwa niaba ya maduka. Kila jibu la malipo lilipoingia, programu yetu iliandika faili moja ya JSON (maandishi yenye jina na thamani ya kila sehemu) kwenye baketi, yaani ghala la faili, ya S3. Aliyeanzisha mpango huo alikuwa na sababu yake, kwamba ukiwa na namba ya muamala unaifikia faili yake moja kwa moja. Baada ya miaka miwili na ushei tukawa na faili kama milioni 40 zilizopitisha siku 90. Wastani wa kila moja ni kilobaiti 6. Ukizidisha unapata kama gigabaiti 240, kiasi kinachoingia kwenye diski ya laptopu ya kawaida na nafasi ikabaki.

Nikafungua ukurasa wa bei. S3 Standard, eneo la Virginia, ni dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi. Glacier Deep Archive ni dola 0.00099. Yaani nafuu mara 23. Nikaandika kanuni fupi kwenye baketi: faili ikitimiza siku 90, ihamie Deep Archive. Nikafunga kompyuta, nikapanda matatu, nikalala vizuri.

Siku chache baadaye mhasibu wetu alikuja mezani pangu na laptopu yake ikiwa wazi. Ni dada mtulivu, hapandishi sauti. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa bili akaniuliza, "Kaka, hii ni nini?" Ilikuwa dola 2,000, na kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi laki mbili. Tulikuwa tunahangaika kupunguza gharama ya kuhifadhi ambayo, nilipoitafuta baadaye, ilikuwa dola tano na nusu kwa mwezi.

Ilikuwaje? Deep Archive hutoza dola 0.05 kwa kila faili 1,000 zinazohamishwa. Haiangalii ukubwa. Faili milioni 40 ni mafungu 40,000 ya elfu moja moja, zidisha kwa 0.05, ni dola 2,000. Ukurasa wa bei unasema hivyo wazi, ila mimi nilisoma safu ya gigabaiti tu na sikushuka chini.

Na haikuishia hapo. Kila faili inayoingia Deep Archive huongezewa kilobaiti 40 za kumbukumbu zake: 32 zinatozwa bei ya Deep Archive, na 8 zinatozwa bei ya S3 Standard. Kwa faili ya gigabaiti moja huwezi hata kuziona. Kwa faili ya kilobaiti 6, mzigo wa nyongeza ni mkubwa kuliko faili yenyewe. Piga hesabu: kilobaiti 8 mara milioni 40 ni kama gigabaiti 300 kwa bei ya Standard, karibu dola 7 kwa mwezi. Zile 32 ni kama gigabaiti 1,200 kwa bei ya Deep Archive, dola 1.20 hivi. Data yenyewe senti 24. Jumla ni dola nane na nusu hivi kila mwezi, wakati pale zilipokuwa mwanzo zilikuwa zinakula dola tano na nusu. Tulilipa dola 2,000 ili tuanze kulipa zaidi.

Kuzitoa je? Kuna muda wa chini wa siku 180. Ukifuta mapema unalipia siku zilizobaki. Na kuzirudisha, hata kwa ile njia ya polepole kabisa ya hadi saa 48, ni dola 0.025 kwa kila maombi 1,000, yaani dola 1,000 nyingine. Tukaziacha palepale.

Sasa angalieni njia ambayo ningeifuata leo kwa data ileile. Kusoma faili kutoka S3 Standard ni dola 0.0004 kwa kila maombi 1,000, kwa hiyo kuzisoma zote milioni 40 ni dola 16. Kufuta ni bure. Unaweka mashine ndogo ndani ya eneo lilelile la AWS ili usitozwe kutoa data nje, skripti inasoma faili za saa nzima, inaweka kila jibu kwenye mstari wake, inabana kwa gzip au zstd, inaandika faili moja. Logi za JSON hurudia majina yaleyale ya sehemu kila mstari, kwa hiyo kushuka hadi sehemu moja ya kumi si ajabu hata kidogo. Gigabaiti 240 zinabaki kama 24.

Gigabaiti 24 kwenye Deep Archive ni senti mbili na nusu kwa mwezi. Kwenye Glacier Instant Retrieval, ambayo ni dola 0.004 na unaisoma papo hapo, ni senti kumi. Na ukiziacha hapohapo Standard usiguse kitu, ni senti 55. Kuunganisha na kubana ndiko kulikofanya kazi yote. Ukishafika hapo, daraja unalichagua kwa kuangalia ni haraka kiasi gani utazihitaji, maana tofauti ya bei haifikii hata nauli ya Rongai.

Nyongeza kwa wenye baketi za zamani: tangu Septemba 2024, S3 kwa kawaida haihamishi faili zilizo chini ya kilobaiti 128. Hiyo ingeniokoa. Lakini kanuni zilizowekwa kabla ya hapo ziliachwa na tabia yake ya zamani hadi mtu azihariri. Nendeni mkazitazame leo.

---

Kijana wa Roysambu

Mkuu, asante sana kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Sisi hatujafika S3. Logi zetu zote zinaingia CloudWatch, huduma ya AWS ya kukusanya na kuangalia logi, na bili ya logi peke yake ni dola 300 na kitu kila mwezi. Nimeona hatukuweka muda wa kufuta, zinakaa milele. Nikiweka siku 30 bili itashuka?

---

Fundi Baketi

Kijana, itashuka kidogo sana. Weka hizo siku 30 leo, maana usipoweka kitu CloudWatch haifuti chochote, lakini pesa yako haiendi huko. Kuhifadhi ni dola 0.03 kwa gigabaiti, tena baada ya kubanwa. Kuingiza ndiko kunakouma: dola 0.50 kwa kila gigabaiti inayopita mlangoni, bei ya Virginia. Dola 300 maana yake mnaingiza kama gigabaiti 600 kwa mwezi, 20 kwa siku. Ukifuta kila siku bado utalipa mlangoni.

Kwa hiyo chunguza kinachoingia. Chukua logi za saa moja, zipange kwa aina ya ujumbe, hesabu. Nakuhakikishia kileleni utakuta ule ukaguzi wa afya wa kontena, yaani vile vifurushi vinavyoendesha programu zenu. Kontena 30 zikiulizwa kila sekunde tano kama ziko hai, ni mistari 518,400 kwa siku inayosema "ndiyo, niko hai". Hakuna mkaguzi wala mteja atakayewahi kuiomba. Ya pili mara nyingi ni logi za kiwango cha DEBUG ambazo mtu aliziwasha akitafuta hitilafu, akaipata, akasahau kuzizima.

Hizo ziue kwenye Fluent Bit au Vector, programu za kukusanya na kuchuja logi, kabla hazijatoka kwenye mashine. Zinazobaki zigawe mara mbili: makosa na maonyo yaende CloudWatch ili tahadhari zenu ziendelee kulia, kila kitu kingine kiende S3 moja kwa moja, kikiwa kimekusanywa na kubanwa. Kuingiza data S3 hakutozwi kwa gigabaiti, ni maombi tu.

---

Dada Seva

Fundi umesema kweli, na naomba niongeze upande wa kuzitoa, kwa sababu watu wengi huhifadhi na hawajawahi kujaribu kurudisha hata siku moja.

Mwaka jana mteja alilalamika kwamba alikatwa pesa mara mbili "saa saba usiku, kuamkia Jumatano". Kijana wetu wa zamu akaomba logi za Jumatano kutoka Deep Archive. Njia ya kawaida ni hadi saa 12, tukangoja. Zikaja, akatafuta, hakuna kitu. Akamjibu mteja kwamba muamala huo haupo. Mteja akatuma picha ya ujumbe wa simu. Ndipo nikakaa naye tukaangalia folda. Folda zetu zimegawanywa kwa UTC, ile saa ya kimataifa. Saa saba usiku ya hapa kwetu ni 01:00 kwa saa ya simu, na UTC iko nyuma kwa saa tatu, kwa hiyo ni 22:00 ya Jumanne. Tulikuwa tumetoa siku isiyo yake. Tukaomba tena, tukangoja tena, na muamala ulikuwepo, mara mbili kama alivyosema. Yule mama alikuwa amesubiri siku mbili kwa pesa yake ya stoki ya duka.

Tangu hapo tuna kanuni mbili. Folda zinaandikwa mwaka=2025/mwezi=03/siku=18 kwa UTC, na kila anayeomba logi huchukua na saa sita kabla na sita baada. Ya pili, kila robo mwaka mtu mmoja anachagua siku yoyote ya zamani, anairudisha, anaifungua, anasoma mistari kumi. Asipoweza kusoma, hiyo hesabuni kama hitilafu ya mfumo mzima.

Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hilo tuligundua ufunguo wa KMS (huduma ya AWS ya kutunza funguo za kusimba data) uliofunga logi za mwaka mzima ulikuwa umeshapangiwa kufutwa na mtu aliyekuwa anasafisha akaunti. KMS inakupa kati ya siku 7 na 30 za kubatilisha. Zilikuwa zimebaki nne. Ufunguo ukifutwa, faili zipo, unazilipia, na hakuna binadamu atakayezisoma tena.

---

Mzee wa Tepu

Mimi nimefanya kazi na seva tangu enzi za tepu, na nawauliza kwa heshima: gigabaiti 24 kwa nini ziende Virginia? Diski ya terabaiti 4 unanunua mara moja hapa mjini, unaweka kabatini, umemaliza. Hulipi kodi ya mwezi wala dola haikupandii.

---

Fundi Baketi

Mzee, shikamoo. Kama nakala ya pili, nakubaliana nawe kabisa, na ningependa kampuni nyingi ziwe nayo. Kama nakala pekee naogopa. Diski iliyokaa kabatini miaka mitano haikwambii kwamba imekufa hadi siku unayoiwasha. Tena ofisi huhama, wezi huingia, bomba la maji hupasuka. Kwa senti hizo kumi za mwezi S3 inaweka nakala kwenye majengo matatu au zaidi na kuzikagua yenyewe. Ukitaka kuichukua nakala ya kabatini, kutoa data nje ni dola 0.09 kwa gigabaiti na gigabaiti 100 za kwanza kila mwezi ni bure, kwa hiyo hizo 24 utazishusha bila kulipia usafiri. Diski yenyewe ifungwe kwa nenosiri, tafadhali.

---

Karani wa Sheria

Mimi si fundi, nasimamia kufuata sheria kwenye kampuni ya mikopo Upper Hill. Nimesoma yote na naona mnajadili namna ya kuhifadhi bila kuuliza kama mnaruhusiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 39, inataka data ya mtu ihifadhiwe kwa muda unaohitajika kwa kusudi lake tu, isipokuwa sheria nyingine ikitaka zaidi. Logi yenye namba ya simu na jina la mteja ni data ya mtu. "Tutaiweka milele kwa sababu ni senti mbili" haitasimama mbele ya Kamishna wa Data.

Kila mara naambiwa na mafundi kwamba sheria ya kupambana na utakatishaji wa pesa inataka miaka saba. Ni kweli, sheria ile ya 2009, kifungu cha 46, kwa taasisi zinazohusika. Na ya taratibu za kodi, ya 2015, inataka hati za miaka mitano. Lakini zinazungumzia kumbukumbu za miamala na hati. Hizo zinapaswa kuwa kwenye hifadhidata na vitabu vyenu vya hesabu. Mstari wa programu unaosema kitufe gani kilibonyezwa hauna haja ya kukaa miaka saba kwa kisingizio hicho.

Jambo la pili. Data ikivuja na kuna hatari kwa wenyewe, kifungu cha 43 kinakupa saa 72 kumjulisha Kamishna tangu ulipofahamu. Fundi ametaja njia ya kurudisha ya hadi saa 48. Ukitumia hiyo, theluthi mbili ya muda wako imekwisha kabla hujasoma mstari wa kwanza.

---

Fundi Baketi

Karani, umenipa kitu ambacho sikukiweka na nilipaswa kukiweka. Hilo la saa 72 limebadilisha hata ninachowashauri watu. Kuanzia leo nitasema hivi: logi za nani aliingia wapi na kufanya nini, za mwaka mmoja wa karibuni, zikae Glacier Instant Retrieval, si Deep Archive. Kutoa ni dola 0.03 kwa gigabaiti na ni papo hapo. Deep Archive ibaki kwa zile ambazo sheria inalazimisha na hakuna anayetarajia kuzigusa.

Kuhusu namba za simu, naomba mafundi wenzangu mnisikilize hapa, kwa sababu naona kosa hili kila ofisi ninayoingia. Watu wanapitisha namba kwenye SHA-256, hesabu inayoigeuza kuwa msimbo uitwao heshi, na kusema imefichwa. Haijafichwa. Namba ya Kenya ni 254 na tarakimu tisa, yaani chini ya bilioni moja kwa jumla. Laptopu ya kawaida inazipitia zote kwa dakika chache na kutengeneza orodha ya kila namba na heshi yake. Tumieni HMAC, yaani heshi yenye ufunguo wa siri, mpya kila mwaka, na ufunguo ukae mbali na logi. Bado utaweza kufuatilia mteja mmoja kutoka mstari hadi mstari, na siku ukitaka kuzivunja hizo nyayo za mwaka fulani, unaharibu ufunguo wa mwaka huo.

---

Dada Seva

Hapo kwenye kuharibu, tahadhari moja: kuna watu wanawasha Object Lock, kufuli la S3 la kuzuia faili zisifutwe, kwa hali ya Compliance miaka saba kwenye baketi nzima, kwa kuogopa wakaguzi. Kwa hali hiyo hakuna anayeweza kufuta faili, hata mwenye akaunti kuu. Siku mteja akidai data yake ifutwe mtakosa la kufanya. Ifungeni baketi ya logi za ukaguzi peke yake, na zisiwe na namba wala majina.

Pia kama baketi yenu ina matoleo ya zamani yaliyowashwa, "kufuta" kunaweka alama tu. Wekeni kanuni ya kufuta matoleo yaliyopitwa, na nyingine ya kusafisha upakiaji uliokatika katikati. Matoleo hayo na vipande vya upakiaji huo havionekani kwenye orodha ya kawaida ya faili, lakini kwenye bili vimo.

---

Kijana wa Roysambu

Nimeanza. Ukaguzi wa afya na DEBUG zimezimwa tangu Jumatatu, na kutoka gigabaiti 20 kwa siku tumeshuka hadi 7. Sijaamini macho yangu. Sasa nina baketi ya zamani yenye faili kama milioni 3, nataka kuziunganisha. Maswali mawili: faili kubwa iwe na ukubwa gani, na je, nihamie Cape Town iwe karibu?

---

Fundi Baketi

Hongera sana, Kijana. Hiyo ni zaidi ya nusu ya bili.

Ukubwa: lenga megabaiti 100 hadi 250 baada ya kubana. Saa yenye miamala michache itatoa faili ndogo, usijali, unganisha kwa siku nzima. Kama mnauliza maswali mara kwa mara kwa Athena, huduma ya AWS ya kutafuta ndani ya faili za S3, ambayo hutoza dola 5 kwa kila terabaiti inayosomwa, andika Parquet, muundo unaopanga data kwa safu, badala ya JSON ili isome safu unazotaka tu. Kama ni mara moja kwa mwaka, JSON iliyobanwa kwa gzip inatosha na hata mtu asiye na zana maalumu ataifungua kwa amri ya zcat.

Cape Town: kwa logi baridi, zile zisizoguswa sana, sioni sababu. Bei zake ziko juu ya Virginia na Ireland, na ukaribu hauna maana kwa faili inayosomwa mara mbili kwa mwaka. Sababu ya kweli ingekuwa masharti ya kupeleka data nje ya nchi, na Cape Town nayo iko nje ya Kenya, kwa hiyo hilo mzungumze na mtu kama Karani.

Kabla hujafuta zile milioni 3: hesabu mistari ya kila siku kwenye faili za zamani, hesabu kwenye faili mpya, weka namba hizo mbili kando kwa kando. Zisipolingana siku moja, acha folda ya siku hiyo kama ilivyo na utafute faili iliyokatika. Mara nyingi ni JSON yenye mstari mpya katikati ya maelezo ya mteja. Ziache za zamani wiki mbili zaidi, ndipo ufute. Kama faili hizo milioni 3 ni ndogo kama zilivyokuwa zangu, wiki mbili hazitakula hata shilingi mia.

---

Kijana wa Roysambu

Siku 412 zimelingana, siku 3 hazijalingana. Zote tatu zina mstari uliokatika kwenye sehemu ya maelezo, kama ulivyosema. Narekebisha skripti usiku huu, nitarudi na namba.